Mauzo ya kadi dukani Lamu: KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) niwaandikie hesabu ipi?

Binti Mkomani
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka la masanduku ya kuchonga hapa Mkomani. Wageni wengi siku hizi hawatembei na pesa taslimu, hivyo nimechukua mashine ya kadi. Nikiuza sanduku Sh40,000, benki inakata kamisheni naingiziwa Sh39,000, tena siku ya pili yake. Niko kwenye kodi ya mauzo ghafi (TOT), na kwa mwaka nauza kama milioni 2. Niandike 40,000 au 39,000? Na mauzo ya tarehe 31 yanayoingia tarehe 1 ni ya mwezi gani? Nataka kulipa haki, lakini nisizidishe.

Kaka wa Mokowe
Dada, andika kilichoingia benki. Hayo ya kadi nani atayajua?

Mhasibu Malindi
Aleikum salaam dada. Kaka, samahani, ushauri huo utamtia matatani. Sheria inairuhusu KRA kuitaka benki itoe taarifa, na risiti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki) aliyopewa mgeni inasema 40,000.

Andika 40,000. TOT ni asilimia 3 ya mauzo yote kabla ya gharama, na kamisheni ni gharama yako. Kwa sanduku hilo tofauti ya kodi ni Sh30 tu, haifai kukukosesha usingizi. Mauzo ya tarehe 31 yafuate mwezi wa risiti, na ritani yake (taarifa ya kodi unayopeleka KRA) isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Ila angalia usihesabu mara mbili. Pesa ya kadi inafika benki, unaihamishia simu umlipe fundi, halafu mwisho wa mwezi unajumlisha ya benki na ya simu: sanduku moja limekuwa mawili! Jumlisha risiti za mauzo, si miamala. Za jamaa wanaokutumia matumizi ya nyumbani nazo si mauzo.

Sanduku hilo unalinunua kiasi gani?

Binti Mkomani
34,000 kwa fundi. Nikitoa kamisheni nabaki na 5,000, na kodi ya chumba bado.

Mhasibu Malindi
Basi hapo ndipo penye jambo lenyewe. TOT ya Sh1,200 inakula karibu robo ya faida yako, na haijali kama umepata hasara. Unaweza kumwandikia Kamishna utoke TOT, utozwe kodi ya kawaida ya mapato, ambayo hutazama faida. Huko, Sh288,000 za kwanza kwa mwaka ni asilimia 10, yaani 28,800, na nafuu ya mlipakodi, inayotolewa kwenye kodi hiyo, ni hiyo hiyo 28,800. Kwa mauzo yako faida haifiki huko, na kama huna mshahara pengine, kodi ni sifuri. TOT ungelipa 60,000. Ritani ni moja kwa mwaka, mwisho 30 Juni.

Lakini tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya eTIMS haikubaliwi. Fundi akupe risiti.

Binti Mkomani
Allah akulipe kheri. Fundi wangu ni mzee, simu yake kabambe, ile ya vitufe.

Seremala Matondoni
Dada, kabambe inatosha. Mimi hutoa zangu kwa *222#. Kwanza awe na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi. Kama hana, mjukuu wake amsaidie kuiomba.