Kamati ya Macho ya Bibi

*Jumapili*

Zuhura 07:12: Hamjambo. Narudia mara ya tatu. Alhamisi saa 3 asubuhi Bibi anatakiwa kliniki ya uoni hafifu. Nani anampeleka? Na matone ya usiku wiki hii ni zamu ya nani? Tiki za bluu naziona 14, majibu sifuri.

Zuhura 07:40: ???

Kassim 09:03: Si anunuliwe miwani kali zaidi tu, yaishe

Zuhura 09:05: Kassim, ni presha ya macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, mtu akaona tena. Kwa presha hii, mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Matone yanalinda kilichobaki, basi.

Mjomba 09:20: Nina chupa nilibakiza macho yangu yalipokuwa mekundu. Ilinisaidia sana. Nimletee?

Zuhura 09:21: Mjomba, tafadhali usithubutu. Mengine yana steroidi, hupandisha presha hiyohiyo.

Salma 09:22: Daktari wa macho mekundu 😂😂😂

Kassim 09:22: Yalikuwa mekundu kwa nini lakini 😂😂

Mjomba 09:24: Adabu mmezitupa wapi?

Zuhura 09:30: ALHAMISI jamani.

Tatu 11:45: Usiku naweza dada, ila sijui kuweka. Juzi yote yalimwagikia shavuni

Zuhura 11:47: Tone moja linatosha. Vuta kope la chini kidogo, dondosha, afumbe, halafu bonyeza kona ya jicho karibu na pua dakika moja au mbili. Chupa ya pili subiri dakika 5, la sivyo inaosha ya kwanza.

Salma 11:52: Na stuli ya korido isiguswe. Wenyewe wanajijua

Kassim 11:53: Tumeanza

Salma 11:53: Sijataja jina

Kassim 11:54: Nilikuwa nadeki!

Salma 11:55: Siku moja tu maishani uliyodeki, ndiyo hiyo. Bibi anatembea kwa kumbukumbu. Ukisogeza stuli umemhamisha nyumba

Kassim 11:56: Na chupa ya dawa iliyolala siku 9 kwenye gari la mtu, niseme au ninyamaze?

Zuhura 11:56: Nyamaza.

Salma 11:58: *Ujumbe huu umefutwa*

Bibi 13:31: Nawasikia tangu asubuhi. Simu inanisomea yote, Tatu aliiwasha hiyo sauti wiki iliyopita. Hata vikatuni vyenu inavisoma, uso wenye machozi ya furaha, uso wenye machozi ya furaha, mpaka nikachoka. Yamepungua macho, masikio ninayo. Alhamisi nitakwenda. Atakayenipeleka asiniburute mkono. Mimi ndiye nitashika kiwiko chake, yeye atangulie nusu hatua, na tukifika ngazi aseme ni za kupanda au kushuka. Fimbo nyeupe nitaiulizia mwenyewe, msininunulie kwa kunificha. Na nyie wanangu mliopita miaka 40, mkapimwe presha ya macho. Baba yangu alikuwa akijigonga milangoni, tukasema uzee.

Mjomba 14:10: Tumesikia Mama.

Kassim 14:26: Samahani Bibi. Ya stuli pia

Zuhura 14:27: Kwa hiyo Alhamisi ni wewe?

Kassim 15:02: Nikipata ruhusa kazini

Zuhura 15:02: "Nikipata"?

Tatu 16:40: Matone leo hadi Jumatano mimi. Kuanzia Alhamisi sipo

Zuhura 16:41: Salma?

Zuhura 19:15: Salma, naona upo hewani.

Hamisi 22:47: Wapendwa ndiyo nafungua simu sasa. Kliniki ni ya nani?