Ladha ya "jiwe" katika divai ya Chablis: ninapaswa kuonja nini hasa?

Mwanafunzi wa Dijon
Salamu kwenu nyote. Mwenyeji wangu hapa Dijon, Ufaransa, amenizawadia chupa ya Chablis, divai nyeupe ya huku, ya daraja la Premier Cru (la pili kwa ubora) kutoka shamba la Montmains, akaniambia kwamba nitaonja ndani yake jiwe na chumvi. Jana niliinywa mara tu ilipotoka kwenye friji, nikahisi ubaridi na uchachu mkali wa ndimu tu. Je, kosa ni la divai, la ulimi wangu, au la namna nilivyoinywa? Nusu ya chupa bado ipo, na ningependa kuielewa kabla haijaisha.

Mama Zabibu
Mwanangu, ulimi wako hauna kosa. Divai nyeupe ikipoa kupita kiasi harufu zake hulala, na kinachobaki mdomoni ni uchachu peke yake. Itoe kwenye friji mapema kidogo, ifikie nyuzi 10 hadi 12 za selsiasi, kisha uimimine katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, usiijaze kupita theluthi moja. Usiharakishe kutafuta matunda, kwa sababu Chablis haijivunii matunda. Meza kidogo, utulie, uone jinsi mate yanavyojaa pembezoni mwa ulimi na jinsi ladha inavyobaki kavu, safi, yenye chumvi kwa mbali. Mimi huifananisha na harufu ya ua uliosakafiwa kwa chokaa pindi matone ya kwanza ya mvua yanapouangukia, na sijapata maneno mengine yanayoikaribia zaidi.

Msoma Miamba
Ninakubaliana na Mama Zabibu, ila naomba tuwe waangalifu na neno "madini", ambalo wengi hulitumia kuielezea ladha hii ya jiwe. Ni kweli kwamba mashamba bora ya Chablis, kando ya mto Serein, yamekaa juu ya chokaa na udongo wa mfinyanzi uliojilaza chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, udongo uliopewa jina la kijiji cha Kimmeridge cha kusini mwa Uingereza, na ukiokota jiwe huko utaona visukuku vya chaza wadogo wenye umbo la alama ya mkato. Simulizi hiyo ni nzuri mno, na ndiyo maana watu huamini kwamba mzabibu hunyonya ladha ya chaza hao na kuileta katika glasi. Mizizi haifanyi hivyo. Madini yanayofika kwenye zabibu ni kidogo sana, na chokaa yenyewe haina harufu. Tunachokiita jiwe hutokana zaidi na uchachu unaohifadhiwa na hali ya hewa ya baridi ya kaskazini mwa Burgundy, eneo la Ufaransa inakotoka Chablis, na baadhi ya kemikali zenye salfa zinazozaliwa wakati wa kuchachuka. Tena, kwa kuwa wazalishaji wengi huko huchachusha katika matangi ya chuma cha pua, hakuna harufu ya mwaloni ya kuifunika. Udongo una mchango wake, hasa katika kupitisha na kuhifadhi maji, lakini si kama chumvi inavyokolea mchuzi.

Njia bora ya kujifunza ni kulinganisha. Kwa kuwa uko Dijon, tafuta chupa ya Meursault, divai nyeupe nyingine ya Burgundy, uionje kando ya hiyo yako. Zote mbili ni za zabibu ya Chardonnay, ila Meursault kwa kawaida huwa nene zaidi, na mara nyingi hulelewa katika mapipa ya mwaloni.

Mwanafunzi wa Dijon
Asanteni sana. Meursault imenishinda bei, kwa hiyo nimenunua Mâcon nyeupe, ambayo nayo ni Chardonnay, nikazionja zote mbili jioni hii zikiwa na nyuzi 11, pamoja na chaza wabichi sita. Mâcon ilinukia pichi na ikaisha upesi. Niliporudia Chablis, uchachu ule ule ulionikera jana ulikata utelezi wa chaza, na baada ya kumeza nikaihisi ile chumvi ya mbali, ikadumu kitambo kirefu.