Wauza kompyuta, acheni kutuuzia prosesa ya K kwenye mazabodi ya B250!

Wakuu, sizunguki, nina hasira. Mdogo wangu kauziwa mashine ya gemu na kuhariri video, ndani prosesa ya Intel i7-7700K (K maana yake kasi yake imeachwa wazi kupandishwa) juu ya mazabodi, yaani bodi kuu, yenye chipseti ya B250 (chipu za bodi zinazoamua inaruhusu nini). Muuzaji kamwapia kwamba "inaovakloki mpaka uchoke, si unaiona K hiyo?" Kuovakloki ni kuipandisha prosesa kasi kupita ile ya kiwandani. Akamtoza bei ya K. Dogo kaingia BIOS (programu ya mipangilio ya bodi), kizidisho, namba inayopanga kasi ya prosesa, hakipandi hata hatua moja. Kupiga simu, anaambiwa aweke BIOS mpya. BIOS gani inayogeuza B250 kuwa Z270?

Kasi ya prosesa hizi ni 100 MHz mara kizidisho. 7700K kiwandani inafika 45, yaani 4.5 GHz. Ukitaka 4.8 unaweka 48, lakini Intel wanataka vitu viwili: prosesa yenye K, na chipseti ya Z. Kimoja kikikosekana, umelipia mlango usio na ufunguo. Si habari ya jana hii. Tangu prosesa za Intel za Sandy Bridge za 2011, i5-2500K kwenye chipseti ya Z68 (au P67 iliyoitangulia) inapaa, ukiipeleka H61 inatulia palepale. Mtu anayeishi kwa kuuza vifaa hivi asinidanganye kwamba hajui.

Kilichonichefua zaidi ni "suluhisho" lake: dogo aongeze hela apewe 8700K, eti soketi (tundu la prosesa) ni ileile 1151. Jina ni lilelile, ndiyo, na prosesa itaingia. Ila kizazi cha nane, ambacho ndicho cha 8700K, kilipotoka Oktoba 2017 kilidai mazabodi za mfululizo wa 300, kama Z370. Kwenye B250 mashine haiwaki! Hapo angemla mtoto wa watu mara mbili.

(Na hata Z si zote zinazofaa kuovakloki. Kagua sehemu ya umeme kandokando ya prosesa. Ikiwa uchi bila hitisinki (chuma cha kupoza joto), usiibebeshe volti nyingi.)

Kwa bajeti ile angeambiwa achukue Ryzen, prosesa za AMD, za kizazi cha 2017. Zile vizidisho viko wazi zote, chipseti ya B350 ya bei ya chini inaovakloki, A320 ndiyo inayokataa.

Sasa wewe muuzaji, unajijua. Dogo hataki 8700K yako. Mbadilishie mazabodi iwe Z270, au mrudishie tofauti ya bei kati ya 7700 na 7700K. Na wengine wote mnaotangaza "mashine ya ovakloki", andikeni chipseti kwenye tangazo kabla ya bei.