Mrejesho: seva ya imeli ya gesti yetu Malindi

Jamani shukran sana. Nliuliza nichukue Mailcow ama iRedMail, vifurushi vya seva ya imeli vilivyopangwa tayari, ama nipange kwa mkono Postfix (ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot (ya kuzihifadhi na kuzisoma), kwa imeli za gesti yetu hapa Malindi. Nimemfuata yule alosema iRedMail juu ya Debian (mfumo endeshi, aina ya Linux), manake Mailcow inataka ramu giga 6 na mashine yetu ina 4, na kwa kweli imetulia, Postfix na Dovecot zimo ndani tayari, barua zaingia vizuri. Kilichokwama ni poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, mtoa intaneti ameifunga upande wa kutoka, ikabidi nipitishie rilei ya kulipia, yaani seva ya wengine inayozipeleka barua kwa niaba yetu. SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu) na DKIM (saini ya kuthibitisha barua ni yetu) zimekubali lakini wageni wengine bado watukuta kwenye spamu, DMARC (maagizo ya barua isiyopita SPF wala DKIM ifanywe nini) ndo naiweka sasa.