Sadaka ya mavuno: tulipie bima za wasiojiweza au tumalizie mnara?

Mhazini wa Mlimani (Agosti 2021)
Bwana asifiwe wapendwa. Ni mhazini wa usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Uchaggani, ukanda wa juu, migomba na kahawa. Mavuno ya mwaka huu yamekwenda vizuri. Mnada wa ndizi na maharage, pamoja na yule mbuzi aliyenadiwa mara tatu (kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena, ndio utani wetu), umetuachia Sh 1,800,000 baada ya kutoa fungu la dayosisi. Nusu ya wazee wa kanisa wanataka zote ziende kwenye mnara wa kengele. Mimi nimeomba 1,200,000 zilipie CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Kwa sasa (2021) kaya ya watu 6 ni Sh 30,000 kwa mwaka, kwa hiyo ni kaya 40, na wasiojiweza kabisa hapa kwetu hawafiki hata 40.

Mzee mmoja akanijibu kikaoni: "Mama, afya ni kazi ya serikali, na kodi tunalipa. Tukianza na bima, kesho watatuambia tulipe na mishahara ya zahanati." Si mchoyo yule. Anakumbuka shule ya misheni aliyosoma ilivyochukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, na kuta zake walizijenga baba zake kwa mawe ya mtoni.

Je, hii ni kazi ya usharika? Na majina: wapo wanaotaka yasomwe kwenye matangazo ya ibada ili watu waone sadaka yao imefanya nini. Mimi sitaki hata kusikia, lakini mkaguzi atadai orodha.

Mwinjilisti Msafiri
Mama mhazini, mwambie huyo mzee kwamba sisi Walutheri tulianza na sanduku kabla ya mnara. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, kule Saksonia, Ujerumani, uliweka mapato yake yote kwenye sanduku moja la pamoja, na Luther mwenyewe akauandikia utaratibu wao dibaji. Humo alilipwa mchungaji, ikatunzwa shule, wakasaidiwa wazee, yatima na wagonjwa. Wasimamizi walikuwa 10: wenye vyeo 2, wa baraza la mji 2, wenyeji wa mjini 3, wakulima wa vijijini 3. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, kila kundi na ufunguo wake, kwa hiyo hakuna aliyelifungua peke yake. Hapo utaona kanisa na mji walikaa meza moja. Hawakusema "hii yako, hii yangu".

Hata Matendo 6 ilianza na manung'uniko: wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwapeleka kwa Pilato. Walichagua watu saba.

Muuguzi Kanda ya Ziwa
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, nafanya kazi hospitali teule ya wilaya. Majengo ni ya jimbo, ila sehemu kubwa yetu mshahara unatoka serikalini, kwa hiyo huo mpaka anaouchora mzee mimi kazini siuoni. Hospitali ya Bugando, Mwanza, serikali iliichukua 1972, ikairudisha kwa Maaskofu Katoliki 1985, na bado ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima.

Sasa ya vitendo. Kabla hujalipa, pitia orodha yako na afisa ustawi wa jamii. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha kwa Sera ya Afya ya 2007, na watoto chini ya miaka 5 pia. Bibi akitambuliwa na halmashauri, anatibiwa bila kadi yenu. Anayekosa ni mjukuu wa darasa la nne anayelelewa na huyo bibi. Kaya hizo ndizo za kuanza nazo. Halafu waambie waanzie zahanati ya kijiji wapewe rufaa. Wakija moja kwa moja hospitali, kadi haitawasaidia, nao watalilaumu kanisa.

Jirani wa Tanga
Assalaam aleikum. Mimi Muislamu, ila swali limenigusa. Tangu ule Mkataba wa Maelewano wa 1992 kati ya serikali na makanisa, wengi wetu tunanung'unika kwamba fedha za umma zinapitia kanisani. Ninyi mnatumia zenu, sawa. Lakini kwenye hizo kaya 40, mjane wa Kiislamu wa kijiji chenu yumo?

Mhazini wa Mlimani
Jirani, umenibana. Kwenye orodha yangu hayumo, kwa sababu nimeichukua kutoka kwa viongozi wa jumuiya zetu. Kesho naenda kwa mtendaji wa kijiji niipate ya kwake. Najua kuna familia mbili karibu na soko.

Mwinjilisti, kufuli nne nimezipenda. Nitaomba orodha ifungiwe ofisini, aione mchungaji, mimi na mkaguzi tu, na kwenye matangazo isomwe idadi ya kaya bila jina. Mzee wangu nimemsomea Yakobo 2, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba". Akacheka, akasema mnara nao ni wa Mungu. Tumekubaliana 900,000 ziende kwenye bima.

Muuguzi, swali moja: tukilipia mwezi wa tisa, kadi inaanza kutumika siku hiyo hiyo au kuna kusubiri?