Costa za Mtwara–Lindi acheni kutufaulisha Mnazi Mmoja, nauli tumelipa mpaka Lindi!

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nina hasira na sitazificha, maana hili jambo la kufaulishwa, yaani kuhamishiwa gari lingine njiani, tumelivumilia mpaka makonda wanaliona haki yao, na mimi naliita wizi.

Nenda stendi Mkanaledi hapa Mtwara asubuhi useme unaenda Lindi. Wapiga debe watakuvuta mpaka begi litake kuchanika, "Lindi moja kwa moja, hii inatoka sa hivi", unaingia, unakaa weee mpaka gari lijae, mnaondoka na kabla hata hamjamaliza Mikindani konda keshakusanya nauli ya kila mtu mpaka Lindi mjini. Sawa, hatuna neno. Mnafika Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Masasi, wanaounganisha kwenda Masasi wanashuka, wa Mingoyo wanashuka, ndani mnabaki watu wachache, hapo ndo unamwona konda yuko bize na simu, suka (dereva) anapaki pembeni anazima gari. "Jamani wa Lindi hamieni ile ya mbele, tushamalizana nae."

Mmemalizana na nani? Mimi nimelipa gari hili, sijalipa lile. Hakuna anayekuuliza kama unataka, hakuna anayekuuliza kama unaweza, mizigo inashushwa juu juu na kutupwa chini, ukichelewa kushuka unaambiwa unawapotezea muda. Lile gari la mbele limetoka Masasi au Mtama limeshajaa, siti hamna, mnasimamishwa mmeinama shingo. Halafu inakuja ile inayoniuma kuliko zote, konda mpya anaanza kudai: "nimepewa hela ya watu wanne, nyie mko sita". Unageuka umtafute konda wako wa kwanza, gari lishageuza linaita abiria wa Mtwara. Kwa hiyo wawili kati yenu walipe tena au wabaki barabarani. Watu mnaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe nani alipiwa na nani hakulipiwa, wakati mwizi kashaondoka na hela yenu.

Juzi juzi kuna mama mtu mzima alikuwa anatoka hospitali ya kanda pale Mitengo, mguu umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo, ana fimbo na mfuko wa dawa. Ameomba kwa adabu kabisa, "mwanangu mimi siwezi kupanda panda magari, nilikwambia tangu kule". Konda anamjibu bi mkubwa pole, ndo hivyo, sisi hatufiki Lindi leo. Kijana mmoja akampa mkono, wakamshusha, gari la pili likawa limejaa mpaka mlangoni, akasubiri la tatu juani. Hospitali kubwa ya Kanda ya Kusini iko huku upande wa Mtwara, wagonjwa wa Lindi wanapewa rufaa wanakuja huku, sasa mtu wa aina ile unamfaulishaje njiani? Huyo ni mama wa mtu jamani.

Na ikiwa jioni ndo balaa kabisa. Magharibi ikishaingia magari ya kwenda Lindi yanakuwa ya kubahatisha, wanakushusha wanakwambia "linakuja lingine hapo nyuma" na wanajua fika haliji. Kutoka pale mpaka Lindi mjini bado ni kama kilomita 20 hivi. Hapo bodaboda wanakutajia bei wanayotaka wao maana wanajua huna pa kwenda, ukiwa mwanamke na mtoto mgongoni unapanda pikipiki barabara ya malori usiku. Hili likiishia kwa mtu kufa tutaambiwa ni kazi ya Mungu.

Najua wanavyojitetea, nimeongea nao sana. Bosi anataka hesabu yake jioni iwe jua iwe mvua, mafuta yako juu, ukienda Lindi na vichwa sita unakula hasara, na pale njia panda kuna abiria kibao waliotoka Masasi wanataka Mtwara, kwa hiyo suka anaona bora ageuzie pale apige tripu nyingine. Nawaelewa, na mfumo wa hesabu kwa kweli unawakamua na wao. Lakini hiyo hasara ni ya biashara yenu, sio yangu mimi abiria. Kama gari lako linaishia Mnazi Mmoja andika Mnazi Mmoja kwenye kioo, ita Mnazi Mmoja, chukua nauli ya Mnazi Mmoja, mtu aamue mwenyewe pale Mkanaledi kama anapanda au anasubiri. Shida ni kwamba mkisema ukweli hampati abiria, ndo maana mnadanganya.

Na sheria ipo. Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, inatolewa kwa njia maalum, inajulikana gari linaanzia wapi linaishia wapi, na kukatisha ruti ni kosa, hakuna konda wala dereva asiyejua hilo. Sasa mbona inafanyika mchana kweupe, njia panda kubwa vile, kila mtu anaona? Wenye kazi ya kusimamia wanapita pale pale na hivi vitu vinaendelea. Gari linasimamishwa linakaguliwa taa, linakaguliwa mtungi wa kuzimia moto, hakuna anayeingia ndani kutuuliza nyie wa Lindi mko wangapi na mmelipa mpaka wapi. Swali moja tu hilo lingemaliza huu mchezo.

Kuna wadau wakisikia hivi wanasema tulieni, reli inakuja. Naipenda reli kuliko wao. Naangalia treni ya SGR tangu ilivyoanza 2024, mtu anatoka Dar anafika Dodoma kwa masaa matatu na ushee, ana siti yenye namba, ana tiketi yenye muda wa kuondoka, na hakuna anayemshusha Morogoro kumwambia hamia behewa la jamaa yangu. Hicho ndo ninachokitaka hata kabla ya hiyo spidi: ukilipa mpaka mwisho unafikishwa mwisho. Lakini reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay tumeisikia tangu zamani na bado iko kwenye makaratasi. Na sisi sio wageni wa reli. Wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947, reli ilianzia Mkwaya, sio mbali na hapo hapo Mnazi Mmoja, ikaenda Nachingwea, baadae ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa, ikang'olewa. Tangu hapo Kusini yote ni barabara, na Mei 2024 mafuriko ya kimbunga Hidaya yalipoikata barabara kule Kilwa tukaona maana yake, mtu wa Mtwara kufika Dar kwa gari mpaka azunguke Songea. Sasa kama hizi Costa ndo usafiri tulionao, zisimamiwe leo, tusiambiwe tusubiri treni.

NAONGEZEA: kuna mdau ameandika "si mpande mabasi ya Dar mshukie Lindi". Mkuu, basi la Dar linataka kichwa cha Dar, wa Lindi unapewa siti kama zimebaki, na mengi yanaondoka alfajiri. Mtu anayetoka kliniki saa nane mchana apande lipi? Mwingine kasema tudai tiketi. Ni kweli, mimi sasa sitoi hela bila karatasi yenye namba ya gari na neno LINDI limeandikwa, na konda akikataa nashuka pale pale stendi kabla halijaondoka. Abiria watano tukikataa kwa pamoja halitoki. Ukifaulishwa piga picha namba ya gari na saa, weka hapa, tukusanye tupeleke ofisi husika kwa pamoja kwa maandishi, maana mmoja mmoja tukienda tunajibiwa "tutafuatilia". Na nyie mnaotoka Lindi kuja Mtwara semeni, huko kwenu nako wanawashusha au wanafika?