Mauzo yanapanda, fedha ya kuagiza mzigo haipo

Muuliza swali, Morogoro
Ndugu zangu, salaam. Nina duka la vifaa vya ujenzi lenye wauzaji wawili. Risiti za mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, zinaonyesha mauzo yakipanda, lakini kila ninapotaka kuagiza saruji na nondo, hulazimika kukopa. Je, niajiri mhasibu, ninunue programu ya hesabu, au kuna jambo la kurekebisha kwanza?

Mhasibu, Dodoma
Ndugu, risiti inathibitisha kwamba umeuza. Haikuonyeshi bei uliyonunulia mzigo, wala fundi ambaye hajalipa, wala ada ya shule iliyotolewa kwenye droo. Fungua kitabu cha fedha kinachoandikwa kila siku, kikitenganisha taslimu, benki na malipo ya simu, na unachochukua kwa ajili ya nyumbani kiandikwe kuwa matumizi binafsi. Madeni yapangwe kwa tarehe, kwa sababu nahisi sehemu kubwa ya faida yako iko mikononi mwa mafundi.

Kumbukumbu husaidia hata kwenye kodi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka hulipa 250,000 asipokuwa na kumbukumbu. Akiwa nazo hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 8, hiyo ni 120,000.

Mwenye duka, Tanga
Nakubaliana na mhasibu, ila kitabu peke yake hakilindi mali iwapo anayeuza ndiye anayepokea fedha, anayeandika na anayehesabu stoki. Chukua saruji: asubuhi kulikuwa na mifuko 80, ikashushwa 100, jioni imebaki 62, basi imetoka 118. Daftari likionyesha 115, mifuko 3 itafutiwe maelezo jioni hiyohiyo, kabla watu hawajasahau.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Kwa wauzaji wawili tu, majukumu nitayagawaje?

Mwenye duka, Tanga
Mmoja auze na kuandika, mwingine apokee fedha na kukata risiti, nao wabadilishane kila wiki. Stoki na droo uhesabu wewe mwenyewe, mara nyingine bila kutoa taarifa. Programu isubiri hadi hesabu za jioni zizoee kulingana.